Tarumbeta Nyuma ya Kisogo

Gereji ile ilikuwa na sheria moja tu, na sheria yenyewe ilikuwa ya Mzee: bati lililobonyea halipigwi usoni, linapigwa mgongoni. Mlango wa gari ukiingia ndani kwa kugongwa, unabandua kitambaa chake, unatafuta mgongo wa lile bonyeo, unaweka kipande cha mti, unapiga. Bati linarudi nje kama lilivyotoka kiwandani. Fundi anayepiga kwa mbele, alikuwa akisema Mzee, huyo si fundi, huyo ni muuaji wa mabati.

Kwa milango na mabampa, sheria haikuwa na kasoro. Ubaya ni kwamba Mzee aliibeba hadi nyumbani, akaitumia kwa mwanawe.

Mtoto alianza kukwama maneno angali na meno ya utotoni. Midomo inajibana, uso unaiva, mishipa ya shingo inasimama, na neno halitoki. Baba mwingine angesubiri, au angempeleka hospitali, au angalau angekasirika akaenda zake. Huyu alitazama kwa jicho la fundi, akaona bonyeo. Neno limeingia ndani, alisema, lazima lisukumwe kwa nyuma. Basi akawa anamzunguka mtoto, anasimama mgongoni kwake, na neno likikwama anamshushia kofi la kisogo. Na kusema kweli, mara nyingine neno lilitoka. Lilitoka na kilio, na siku moja lilitoka na jino, lakini lilitoka, na Mzee alimtazama mkewe kwa fahari ya fundi ambaye kazi yake imekubali. Samaki mkunje angali mbichi, alisema. Siku mama alipoingiza mkono wake kati ya kile kiganja na kisogo cha mwanawe, alivunjwa kidole. Homa ilimchukua miaka michache baadaye, na tangu hapo hakuna aliyeingiza mkono.

Watu wa mtaani walimwita mtoto Kigugu. Neno lenyewe, kigugumizi, walilikata katikati, labda kwa sababu hata wao walichoka kulimaliza.

Kigugu alikua akawa na mikono minene kama mapaja ya wenzake, na ulimi uleule. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye alijikwaa ulimi kutwa nzima, na vidole vyake vilikuwa vizima kabisa, vimekunjwa ngumi. Alichoshindwa kukisema alikipiga. Mteja mmoja alimsikia akihangaika kuuliza rangi ya gari, akamwigiza, "Nye-nye-nyeusi," akacheka. Kigugu alimkamata kola akakipitisha kichwa chake kwenye kioo cha dirisha la gari lake mwenyewe. Kisha alichuchumaa akaanza kuokota vipande vya kioo kwenye kiti, kimoja kimoja, kwa kuwa gari lilikuwa mikononi mwake na kazi ni kazi. Mteja alikuwa amekaa chini anavuja damu masikioni, anamtazama mtu huyu anavyosafisha kwa uangalifu, na baadaye alisema hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mpiga rangi wa gereji naye alikuwa na lake. Alikuwa mwembamba, kifua kimeharibika kwa vumbi la rangi, na utani ndio uliokuwa chakula chake. Kila asubuhi alimsalimia Kigugu kama gari bovu: "Vipi, leo umewaka mwenyewe au tukusukume?" Kwa salamu hiyo alishavunjwa mfupa wa bega. Ulipounga alirudi kazini, akakaa kimya wiki nzima, kisha akaanza tena, maana na yeye alikuwa na kigugumizi chake, ila cha kutojua kunyamaza.

Lakini usidhani Kigugu alikuwa hana la kusema. Kulikuwa na sentensi moja aliyoibeba tangu akiwa mtoto, fupi, ya maneno matatu tu: Baba, ulikuwa unaniumiza. Alishaisema mara nyingi chini ya magari, peke yake, bila kukwama hata kidogo. Mbele ya Mzee ilimfia kwenye neno la kwanza. Midomo ilijibana, pumzi ikajaa nyuma yake, na kisogo kikaanza kusubiri kofi. Alikuwa mtu mzima wa kunyanyua injini kwa mikono, lakini kisogo chake kilibaki cha mtoto.

Halafu kiharusi kikampiga Mzee. Kilimkuta amechuchumaa chini ya lori, kikamnyang'anya upande wote wa kulia na nusu ya uso. Jicho la upande ule likawa linatiririsha machozi usiku na mchana. Maneno yake yakawa kama uji unaomwagika pembeni mwa kikombe, na aliyeyaelewa ni mmoja tu, dada mkubwa wa Kigugu. Huyu Dada alishinda maisha yake akimmalizia mdogo wake sentensi, dukani, kanisani, hata kwa msichana ambaye mdogo wake alitaka kumchumbia, ambako alimalizia vibaya na msichana akaenda zake. Sasa alikuwa na wanaume wawili wa kuwasemea, na yeye mwenyewe hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alisema nini cha kwake.

Mkono wa kushoto wa Mzee ulibaki na nguvu. Kigugu alimchomea fimbo kwa bomba la chuma, akaisugua kwa msasa isimkwaruze kiganja. Chumba cha Mzee kilipakana na gereji, ukuta ni wa mabati, na kwa fimbo hiyo Mzee aliendelea kutawala. Akisikia nyundo imekosea bati, aligonga ukuta. Ngo. Kigugu aliruka kila mara.

Ndipo likaja tarumbeta. Lililetwa na kiongozi wa bendi ya mtaa, mtu mnene mwenye kofia ya utepe wa dhahabu uliokwisha kufubaa. Alilitoa kwenye gunia akaliweka juu ya boneti kama anayetambulisha maiti.

"Mpiga ngoma wangu kalikalia," alisema.

"Kalikalia?" aliuliza mpiga rangi.

"Kalikalia. Na wewe unamjua alivyo."

Kigugu aliligeuza. Koo la tarumbeta lilikuwa limekunjika na kuzama ndani pahali pawili. Alitafuta mgongo wa bonyeo, kama alivyofundishwa, akakuta hakuna njia. Mgongo ulikuwa ndani ya bomba, na nyundo haiingii ndani ya bomba.

"Anasema haliwezekani," Dada alimweleza kiongozi.

Kigugu alitikisa kichwa, hapana, sijasema hivyo. Akamwonyesha mgeni kwa mkono kwamba aliache.

Alilishughulikia siku kadhaa. Alivunja beringi za zamani akakusanya gololi zake, ndogo kwa kubwa. Alitumbukiza iliyo ndogo, akaisukuma kwa waya mnene hadi kwenye bonyeo, akagonga kwa nje kwa nyundo ya mpira, taratibu kama mtu anayempapasa mgonjwa. Kisha iliyozidi kidogo. Kisha iliyozidi tena. Bati lilirudi bila kupigwa hata mara moja kwa nguvu. Hakupenda jinsi jambo hilo lilivyomkaa rohoni.

Kuhakikisha hakuna panapovuja, ilibidi apulize. Alijaribu kama mtu anayepuliza chai, likatoka pumzi tupu. Basi akakasirika, akabana midomo. Aliibana vilevile inavyojibana mwenyewe kila anapotaka kusema baba, pumzi yote ikajaa nyuma, ikasukuma, midomo ikakataa, ikatetemeka, na tarumbeta likalia.

Sauti yenyewe ilikuwa mbaya, kama ya ndama aliyekanyagwa. Mpiga rangi aliangusha kopo. Lakini Kigugu alisimama palepale, macho yamemtoka, kwa sababu alikuwa ameelewa. Kubana midomo kule, kule kulikomgharimu makofi na jino na kidole cha mama yake, ndiko chombo hiki kilikokuwa kinakutaka. Watu wengine huenda shule kujifunza kukwama hivyo. Yeye alikuwa amekwama miaka yote bila kupewa tarumbeta. Alilia kwa furaha, na hakujificha.

Kuanzia hapo hakuliweka chini. Vile vitufe vitatu alivijua kwa vidole kabla hajavielewa kwa akili. Asubuhi moja mpiga rangi alikuja na salamu yake, "Vipi, umewaka au tukusukume?" na Kigugu, badala ya kukunja ngumi, akainua tarumbeta akamjibu. Alikipiga kile kikohozi cha mpiga rangi, kavu, kirefu, chenye mluzi mwishoni. Kisha akapiga mwendo wake wa miguu miwili isiyopatana. Gereji nzima ilianguka chini kwa kicheko. Mpiga rangi mwenyewe alicheka hadi akakohoa, na alipokohoa tarumbeta likakohoa naye, ikabidi akae juu ya tairi. Kwa mara ya kwanza mahali pale Kigugu alikuwa amemjibu mtu na hakuna aliyetokwa na damu.

Isije ikaonekana kwamba muziki ulimfanya malaika. Jioni, kazi ikiisha, alipiga mambo mengine. Alipiga mapigo. Sauti fupi, nene, zenye kishindo, halafu kimya, halafu sauti nyembamba juu kabisa kama ya mtoto aliyejizuia kulia akashindwa, halafu kishindo tena. Siku moja wapita njia walivamia geti wakiwa na marungu, wakidhani ndani kuna mtu anauawa. Walimkuta mtu mmoja amekaa juu ya ndoo, jasho linamtiririka, amefumba macho. Walishusha marungu wakarudi zao.

Na kila jioni, kutoka upande wa pili wa mabati: ngo, ngo, ngo.

"Anasema uache makelele," Dada alikuja kusema. Siku ya pili, "Anasema hilo dude litupwe kwenye chuma chakavu." Siku nyingine alisimama tu mlangoni, akakunja kanga yake vidoleni. "Leo amesema mengi," alisema. "Sitaki kuyasema."

Kiongozi wa bendi alikuja kuchukua mali yake jioni moja kati ya hizo. Alisimama getini, akavua kofia, hakuivaa tena hadi Kigugu alipomaliza.

"Huo wimbo unaitwaje?"

Kigugu alibana midomo, akakosa, akajishika kisogo.

Kiongozi hakuelewa, lakini hakujali. "Ninao wapulizaji wanaojua nyimbo mia. Hakuna hata mmoja anayenitisha. Kaa nalo. Jumamosi njoo mazoezini, upulize hivyohivyo mbele ya wenzangu. Ukiweza, hilo ni lako na kiti ni chako." Alipofika getini aligeuka. "Linda mdomo, bwana. Mpuliza tarumbeta ni midomo na meno ya mbele. Vingine vyote ni mzigo wa kubebea hivyo."

Ijumaa mchana Kigugu alikuwa anagonga bampa. Dada alitokea mlangoni ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimevimba ukubwa wa ngumi, na mfupa ulikuwa umekaa pasipo pake.

"Nimeanguka," alisema.

Kigugu alimtazama.

"Aliniambia nilichukue tarumbeta nilitupe. Nikamwambia hapana." Sauti yake ilikuwa ya mshangao zaidi kuliko maumivu. "Nilimwambia hapana, kwa mdomo wangu."

Kigugu aliliacha bampa. Nyundo ilikuwa mkononi, nyundo ya chuma, ya kilo nzima. Alipiga hatua nayo kuelekea mlangoni, na Dada akafumba macho kwa sababu alijua mwisho wake. Hatua nyingine, na nyundo ikaanguka sakafuni. Alichukua tarumbeta.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amegeukia dirisha, fimbo mapajani. Kigugu hakwenda mbele yake. Alisimama nyuma, pale hasa ambapo baba yake alikuwa akisimama, akakitazama kile kisogo. Kilikuwa kimenyauka, kina mikunjo miwili na mvi chache. Akaelekeza mdomo mpana wa tarumbeta pale, karibu kiasi cha kugusa, akabana midomo akapuliza.

Mzee aliruka kana kwamba amepigwa rungu. Kigugu akapuliza tena. Mabati ya ukuta yalitetemeka, kikombe kikaanguka mezani. Alipuliza kofi la siku ya jino. Alipuliza la siku ya shule, mbele ya mwalimu, na la siku ya mazishi ya mama aliposhindwa kusema amina. Alikipuliza kidole cha mama kikivunjika, na kifundo cha Dada. Kila pigo lilipofika, kile kichwa cha Mzee kilidondoka mbele, na kabla hakijainuka likafika jingine. Mzee alitaka kuziba masikio, lakini alikuwa na mkono mmoja na masikio mawili. Suruali yake ililowa. Dada alikuwa mlangoni anapiga kelele, "Inatosha! Utamuua! Inatosha!" na Kigugu alimsikia vizuri sana akaendelea, kwa kuwa ilikuwa tamu. Tuseme ukweli, ilikuwa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kuonja.

Ndipo Mzee alipoinua fimbo ya chuma akaizungusha juu ya bega lake bila kutazama, kwa nguvu zote zilizobaki. Maisha yake yote alikuwa amepiga kwa nyuma. Safari hii alimpiga mwanawe kwa mbele. Fimbo ilitua kwenye mdomo wa tarumbeta, tarumbeta likarudi, na kile kidude cha kupulizia kikaingia mdomoni mwa Kigugu kama msumari kwenye ubao.

Alisikia meno yakikatika kabla hajasikia maumivu. Mdomo wa juu ulipasuka hadi karibu na pua. Damu ilimwagika kidevuni, kifuani, juu ya vitufe. Alitema, na meno mawili ya mbele yakagonga sakafu yakabingirika chini ya kitanda.

Sasa hakukuwa tena na tarumbeta la kumzuia. Alishika kiti akakigeuza, baba na kiti pamoja, akamkunja shati kwa mkono mmoja, na mwingine ukapanda juu, ngumi kubwa kama jiwe la kusagia. Mzee aliiona. Alitaka kusema kitu. Upande mzima wa mdomo ulijibana, ukasaidiwa na ule uliokufa, uso ukaiva, mishipa ya shingo ikasimama.

"Mmm," alisema. "Mmm. Mmm."

Kigugu alimtazama mdomoni. Pale alipajua. Alijua pumzi imejaa wapi, inasukuma nini, na jinsi dunia inavyokuwa finyu mtu akiwa humo. Alijua pia kwamba mwenye kukwama hasubiri kitu kingine ila pigo, na aliliona jicho zima la Mzee likisubiri.

"Anasema," Dada alianza kutoka mlangoni, "anasema m—"

Kigugu alimnyamazisha kwa kiganja. Ile ngumi ikabaki juu, lakini haikushuka. Alisubiri. Damu ilimdondoka kutoka kidevuni hadi kwenye goti la baba yake, tone kwa tone. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusubiri neno. Walisubiri hadi kuku wa jirani wakamaliza kugombana huko nje na kuanza upya.

"Mmm," alisema Mzee. "Mmmbwa. Mbwa we."

Kigugu alicheka. Kicheko kilimchana mdomo zaidi, damu ikamrukia Mzee usoni, na bado alicheka, mikono imelegea, shati la baba yake limemtoka vidoleni.

"Li-limetoka," alisema. Maneno yalipita kwenye pengo yakiwa na upepo. "Umeona? Limetoka lenyewe. Ha-hakuna aliyekupiga."

Akapiga magoti, uso kwa uso. Akabana ile midomo iliyochanika, na maumivu yalikuwa kama amebana kaa la moto. "B-b-b..." Mkono wa kushoto wa Mzee ukainuka na fimbo, kwa mazoea tu, kama mguu wa mbwa anayeota. Kigugu aliidaka hewani akaishikilia. Baba alivuta, mwana hakuachia. "B-b-ba..." Hakuharakisha. Aliliacha neno likae humo ndani hadi lilipotaka.

"Baba," alisema. "Ulikuwa unaniumiza."

Mzee aliacha kuvuta. Jicho lake la kulia lilikuwa linatiririka machozi, lakini jicho hilo lilikuwa hivyo tangu kiharusi, na si Kigugu wala Dada aliyeweza kujua. Kigugu alimrudishia fimbo kiganjani, kwa sababu bila hiyo Mzee hakuweza kufika hata chooni. Kisha alikwenda na dada yake hospitali, akiwa ameufunika mdomo kwa kanga ya Dada. Mmoja alifungwa mkono, mwingine alishonwa mdomo. Muuguzi aliuliza nani amewafanya hivi. Wote wawili walifungua midomo kwa pamoja, kila mmoja akamwachia mwenzake, na mwisho Kigugu ndiye aliyejibu, akachukua muda wake, huku foleni ikinung'unika nyuma.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda mazoezini, alikaa juu ya ndoo yake gerejini kujaribu kama bado anao mdomo. Tarumbeta lilikuwa na bonyeo jipya, hakuligusa. Alilihamishia pembeni mwa mdomo, upande ambao meno yalikuwepo, akapuliza. Uzi wa muuguzi ulikatika mmoja. Sauti ilitoka imechakaa, ina upepo katikati yake, lakini ilikuwa yake. Mpiga rangi alikuwa anasugua mlango kwa msasa. Aliacha, na siku hiyo hakutania.

Mara ukuta ukalia. Ngo. Ngo.

Kigugu aliacha kupuliza, ukuta nao ukanyamaza. Akapuliza, ukuta ukalia. Dada alikuwa amekaa kizingitini, mkono umening'inia kifuani kwa kitambaa cheupe.

"A-anasemaje?" Kigugu aliuliza. "Niache?"

Dada alisikiliza ule ukuta kwa muda. Alishazoea kuwa na jibu kabla swali halijaisha.

"Sijui," alisema. "Kamuulize mwenyewe."

Kigugu alifuta damu kwenye tarumbeta kwa pindo la shati, akaingia ndani, na hakusimama nyuma ya kiti.